Binti Anasomea Kukata Filamu

Mama, mwanao akikuambia kwamba anasomea uhariri wa filamu, usiharakishe kuguna. Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani tunayesali naye hapa Dar es Salaam, aliguna mwaka mzima. "Ada yote hii, kumbe ni kukatakata video!" Ndivyo alivyosema kila mara binti yake aliporudi usiku, macho mekundu kwa kukodolea kompyuta.

Huko kukatakata ndiko kazi yenyewe. Filamu ya sinema hupita mbele ya macho yetu picha 24 kwa sekunde moja. Mhariri ndiye anayeamua kipande kianze wapi na kiishe wapi, nani aonekane akizungumza na nani aonekane akisikiliza. Hata sauti huitanguliza: unasikia mtoto akilia, halafu ndipo unamwona. Ukitazama tamthilia jioni ya leo, sikiliza jambo hilo moja tu, utalinasa.

Mambo haya hayafundishwi kwa daftari pekee. Binti huyu na wenzake wanne walipewa kazi ya kikundi: filamu ya dakika nane ya maisha ya kweli, si maigizo. Mmoja aliongoza, mmoja alishika kamera, mwingine sauti, mwingine alishughulikia vibali na nauli. Binti akaachiwa uhariri. Nadhani wavulana walimpa kwa kuwa waliona ni kazi ya kukaa tu; wangejua kwamba mwenye kuhariri ndiye husema la mwisho, wangeigombania.

Walichagua kliniki ya watoto ninapofanya kazi. Uongozi uliwaruhusu, na kila mama aliulizwa kabla ya kupigwa picha. Siku mbili walizokaa nasi ziliwapa picha za saa nne na nusu. Kijana wa sauti alituchekesha alipoomba tunyamaze nusu dakika ili arekodi ukimya wa chumba. Ukimya, kliniki, siku ya kupima uzito! Lakini ana sababu. Mhariri akiunganisha vipande viwili vya sauti hubaki mwanya, na mwanya ule huzibwa kwa mvumo wa chumba kilekile, kama kiraka kinavyotafutiwa kitambaa cha rangi ileile.

Siku ya pili mama mmoja kijana aliambiwa kwamba uzito wa mwanawe umeshuka miezi miwili mfululizo. Akajifunika uso kwa khanga. Kamera ilikuwa ikirekodi.

Baada ya wiki tatu walituita, mimi na muuguzi mwenzangu, tuitazame kazi yao kabla hawajaiwasilisha. Ilianza vizuri. Kikafika kipande cha mama yule akijifunika, na papo hapo ukafuata uso wa mwenzangu, umekunjamana, macho yako pembeni. Mwenzangu aliruka kitini: "Hapo nilikuwa natazama mizani iliyogoma!" Ni kweli. Picha ile ilipigwa asubuhi, mama yule hata hajafika. Hakuna kipande kilichokuwa cha uongo. Mpangilio ndio uliosema uongo, na muuguzi ambaye akina mama humsubiri kwa upole wake akageuka katili.

Mwalimu wao hakuwagombeza. Aliwasimulia habari za Lev Kuleshov, aliyefundisha katika chuo cha filamu kilichoanzishwa Moscow mwaka 1919. Utepe wa filamu ulikuwa adimu mno Urusi wakati ule, hivyo yeye na wanafunzi wake walijifunza sana kwa kupanga upya vipande vya filamu zilizokwisha kutengenezwa. Inasimuliwa kwamba alichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha lolote, akauunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji wakasema mwigizaji ana njaa, ana majonzi, ana mapenzi. Uso ulikuwa uleule.

Kikundi kikagawanyika. Kiongozi wao alitaka mpangilio ubaki kwa sababu unagusa moyo. Binti alikataa, ingawa yeye ndiye aliyeupanga na aliupenda. Ilikuwa imebaki wiki moja. Usiku mzima alipitia upya saa zote nne na nusu, akakuta sekunde saba walizozitupa kwa kuwa kamera ilitikisika: muuguzi yuleyule anainama, anampokea mtoto, anamfunga mama khanga iliyomteleza. Akaziweka pale.

Kisha mama yule aliporudi kliniki wakamwonyesha kipande chake. Hili nililisisitiza mimi mwenyewe. Ruhusa aliyoitoa asubuhi hakuitoa akijua ataambiwa nini mchana, na sisi wauguzi tunaifahamu tofauti hiyo. Alikubali mikono yake ionekane, pamoja na mtoto. Uso alikataa, ukaondolewa.

Rafiki yangu nilimweleza pia kwamba huko Hollywood, miaka ya mwanzo, kukata filamu waliachiwa wanawake wengi kwa kuwa kazi hiyo ilifananishwa na ushonaji. Anne Bauchens alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Oscar ya uhariri, kwa filamu ya North West Mounted Police ya mwaka 1940. Thelma Schoonmaker amepata tatu. Fundi wangu akanyamaza kidogo, kisha akauliza cherehani yao inauzwaje. Nikamwambia programu kama DaVinci Resolve ina toleo la bure. Ghali ni kompyuta yenye nguvu ya kuiendesha, na hiyo wanafunzi huchangia kikundi kizima.

Filamu ilipokamilika binti aliileta nyumbani. Mama yake aliitazama mara mbili bila kusema. Mara ya tatu akaomba wasimamishe kwenye zile sekunde saba.

"Hapa pametikisika. Mshono umepinda."

"Najua, mama. Nimepaacha."

"Mimi ningefumua."

Binti akaanza kumweleza kwa nini hakufumua. Mama naye akaleta hoja zake za ufundi, na chai yangu ikapoa mkononi nikiwasikiliza.