Saa Sita Tu Mombasa: Malipo Yasikulie Muda Meli Ikiwa Gatini

Dereva mmoja wa teksi, mkaazi wa Mtopanga, alitusimulia siku ambayo hajaisahau. Ilikuwa msimu wa kaskazi, meli ya kitalii imefunga gati Kilindini, naye amepata wageni wake wa kwanza wa meli: mume na mke, wastaafu, waliotaka kuona Fort Jesus, kununua zawadi na kumlisha twiga kwa mkono. Meli iliingia asubuhi na jioni ilikuwa inaondoka. Wakapatana bei, safari ikaanza.

Wageni walikuwa na dola pekee, tena noti kubwa. Mji wa Kale, mama wa viazi karai hakuwa na chenji ya dola. Muuza vikoi pia hakuwa nayo. Wakaanza kutafuta benki. Ya kwanza ilikuwa na foleni hadi mlangoni. Ya pili, mashine ya ATM ikaikataa kadi. Kufikia kupata shilingi, saa nzima na nusu imeshakwenda. Walipovuka Daraja la Nyali jua lilikuwa utosini, na yule mzee mgeni alikuwa anatazama saa yake kila dakika mbili. Bombolulu waliingia na kutoka. Kabla ya kufika Bamburi wakamwambia ageuze gari.

“Twiga walikuwa dakika kumi mbele yetu,” alituambia. “Nikawarudisha. Walinilipa nusu, na ni haki yao, maanake nusu ndiyo niliyowaonyesha.”

Pesa ile alikuwa ameshaipangia ada ya shule ya mtoto. Nusu iliyobaki mkononi ilikwenda kwa mafuta na kwa mwenye gari.

Tumeandika makala haya kwa ajili yake na kwa wengine kama yeye: madereva, waongozaji wageni, wauza vinyago, mama wa madafu, na yeyote atakayepokea mgeni wa meli. Meli haingojei mtu. Saa za mgeni huwezi kuziongeza, lakini malipo yasiyopangwa yanaweza kuzipunguza. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa wanaofanya kazi hii kila msimu.

Hesabu saa za kweli

Meli ikikaa gatini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, usidhani una saa tisa. Asubuhi abiria wanashuka kwa zamu, kuna ukaguzi, kuna foleni ya mabasi. Jioni, meli nyingi hutaka abiria wote wawe ndani nusu saa au saa nzima kabla ya kung'oa nanga. Toa pia muda wako wa tahadhari. Utabaki na saa sita, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hizo ndizo za kuuza.

Kumbuka pia kwamba mgeni aliyenunua ziara kupitia meli yenyewe kwa kawaida husubiriwa gari likichelewa. Aliyetoka na wewe hasubiriwi. Akiachwa, atajitafutia njia ya kuifuata meli hadi bandari inayofuata, kwa gharama yake. Ndiyo sababu yule mzee alikuwa anatazama saa.

Halafu kuna jambo la saa zenyewe. Ukimwandikia mgeni “10”, kwako ni saa kumi jioni, kwake ni saa nne, ya asubuhi au ya usiku. Saa ya melini nayo huenda isilingane na ya Kenya. Muulize kabla hamjaondoka: “Saa yako inasema saa ngapi sasa hivi?” Kisha andikeni muda wa kurudi kwa saa yake, kwenye karatasi au kwenye ujumbe.

Anza mbali, malizia karibu

Kosa la dereva wetu halikuwa chenji peke yake. Alianza na Mji wa Kale kwa sababu uko karibu na bandari, akaacha Bamburi iwe ya mwisho. Mtu wa Mtopanga anajua kilicho kwenye daraja. Asubuhi Kisauni nzima inaingia kisiwani, jioni inatoka. Gari linalotoka kisiwani asubuhi na kurudi mapema alasiri linakwenda kinyume na msongamano. Kwa hivyo anza na bara, umalizie kisiwani. Likitokea la kutokea, matairi yakipasuka au mvua ikinyesha, wageni tayari wako upande wa meli na daraja liko nyuma yenu.

Siku hizi ratiba yake iko hivi. Saa tatu anawachukua. Kutoka bandarini hadi Haller Park ni kilomita zisizozidi 15, na kabla ya saa nne huwa wamefika. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa la matumbawe lisilo na mti. Mwaka 1971, René Haller alijaribu kupanda miti ya aina 26, na tatu tu zikastahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake hayakuwa yanaoza, hadi walipoletwa jongoo, wakayala na kuyageuza udongo. Ndipo pia kiboko mchanga aitwaye Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipofanya urafiki na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Hadithi kama hizi huhitaji muda, na sasa muda upo. Twiga hulishwa kwa saa maalum. Piga simu jana yake uulize.

Saa tano na nusu wanarudi hadi Bombolulu, karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanzishwa mwaka 1969. Mapambo, mikoba na vinyago hutengenezwa pale pale, na mgeni anaweza kumwona aliyekifanya kitu anachonunua. Hapa pia, piga simu kwanza uhakikishe kuko wazi.

Saa saba wako Mji wa Kale, kwa chakula na kwa Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa 1698. Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Waomani walihitaji karibu miaka mitatu kuingia. Mgeni wako ana saa moja na nusu, na inatosha kama hakuna anayetafuta chenji. Siku ya Ijumaa panga tofauti kidogo, kwani mchana maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa swala.

Mgeni akipendelea bahari kuliko mjini, angalia maji kabla ya kuahidi chochote. Maji yakiwa yamekupwa, hasa wakati wa bamvua, utampeleka ufuoni akute mchanga na mwani. Kupwa na kujaa husogea kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hivyo saa ya juzi si ya leo. Waulize wavuvi.

Bajeti moja, mlipaji mmoja

Sasa tuje kwenye pesa. Mgeni wa kigeni anaweza kusajili laini kwa pasipoti yake, lakini kwa ziara ya saa sita haina maana. Usajili wenyewe utakula muda. Njia iliyomfaa dereva wetu ni hii: wageni wanabadilisha dola mara moja tu, asubuhi, kwenye benki au duka la kubadilisha pesa lenye leseni. Wanamkabidhi kiasi mlichopatana cha viingilio, chakula na vinywaji. Kuanzia hapo yeye ndiye anayelipa kila mahali kwa simu, kutoka kwa salio aliloandaa tangu jana.

Mgeni atamwaminije? Kwa ujumbe wa malipo. Kila ukilipa, unapata ujumbe wenye jina la aliyelipwa, kiasi, tarehe na saa. Usifute hata mmoja. Kabla ya kuagana, kaeni ndani ya gari mkapitie ujumbe mmoja mmoja, umrudishie kilichobaki. Dereva wetu anasema dakika hizo tano ndizo zilizomletea wateja wengine, maanake wageni wa kwanza waliwasimulia wenzao melini.

Nauli yako iweke kando, isichanganyike na pesa ya matumizi. Na zawadi, mgeni ajilipie mwenyewe kwa shilingi alizobakiza, achague kwa nafasi bila kukutazama wewe usoni.

Kabla ya kubonyeza

Haraka ndiyo rafiki wa makosa. Haya yazingatie hata kama meli inapiga honi:

Kwanza, jana usiku hakikisha salio linatosha, na simu ina chaji. Beba chaja ya gari. Ukihitaji kutoa taslimu kwa wakala, fanya hivyo mtaani kwako mapema, ukiwa na kitambulisho. Mawakala wa karibu na bandari huishiwa pesa siku ya meli.

Pili, lipa kwa namba ya till ya biashara pale ilipo, na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Tulimsikia dereva akimuuliza mzee muuza kofia, “Ami, till yako ni hii ya ukutani?” Mzee akajibu, “La, mwanangu, hiyo ni ya jirani. Yangu niko nayo hapa.” Swali hilo la sekunde tatu liliokoa pesa ya kofia mbili.

Tatu, huduma za serikali hulipiwa kupitia eCitizen, ambayo namba yake ya Paybill ni 222222. Namba ya akaunti ni ile ya bili unayotolewa. Mtu akikusimamisha mlangoni mwa jengo la serikali akakwambia utume kiingilio kwa simu yake binafsi, usitume. Ingia ndani ukaulize.

Nne, ukiwa wewe ndiye muuzaji, usitoe bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mtu mwingine, wala picha ya skrini. Angalia salio lako mwenyewe. Matapeli wanaipenda siku ya meli kwa sababu kila mtu ana haraka.

Tano, pesa ikienda kwa mtu asiyehusika, piga huduma kwa wateja papo hapo, kabla hajaitumia. Na ikikujia pesa usiyoitambua, kisha mtu akapiga simu akilia umrudishie, usimtumie wewe. Mwambie aombe muamala wake urudishwe kwa njia rasmi, nawe utujulishe.

Sita, mtandao una siku zake. Weka mfukoni noti ndogo, za hamsini, mia na mia mbili, za kukutosha madafu na maegesho. Hizo ni za dharura, zisigeuke kuwa mpango.

Na wanaoshuka kuja nyumbani

Mtopanga kuna meli za aina nyingine pia. Vijana wa Pwani wanafanya kazi ndani ya meli hizi za kitalii, jikoni, vyumbani, kwenye mitambo. Meli ikipita Mombasa, mwenye bahati hupewa ruhusa ya saa chache. Mama mmoja alituambia kwamba mara ya kwanza binti yake alipopita, nusu ya muda ule iliishia sokoni Kongowea, msichana akitaka kuwanunulia wadogo zake viatu na unga wa mwezi. “Nilimtaka akae, nimtazame,” alisema. “Nikabaki nikimshikia mifuko.”

Mara ya pili binti alituma pesa wiki moja kabla, akiwa bado safarini. Mama alilipa duka, mwenye nyumba na karo, vyote kwa simu, akiwa kibarazani. Dereva wa kumchukua alishapatana naye na kumlipa sehemu. Binti aliposhuka, hakukuwa na jambo la pesa lililobaki. Alikula mahamri na mbaazi, akalala kidogo kwenye kitanda chake cha zamani, akarudi gatini dakika arobaini kabla ya muda.

Kama unangoja mgeni msimu huu, awe wa kulipa au wa damu, fanya mambo matatu leo: muulize saa yake ya mwisho ya kupanda meli, panga njia kuanzia mbali, na amua nani analipa nini na kwa namba gani. Kukiwa na jambo lisiloeleweka kuhusu malipo, tupigie kabla ya siku yenyewe. Siku ya meli hutakuwa na muda wa kutusikiliza.