Johnson, Reagan, Obama: nani alitufanyia nini?

Hapa Lokandu misa ikiisha vijana hawarudi nyumbani mara moja. Wanasimama pale nje na kubishana. Kuna ulizo moja linalorudi kila mara: katika maprezida wa zamani wa Marekani, nani alitendea watu weusi mema? Mmoja anasema Obama, kwani baba yake alikuwa Mkenya. Mwingine anajibu: «Weye! Wote njo wale wale.»

Usiwafukuze. Ulizo lao ni la maana. Lakini ukitaka kulijibu vizuri, uliza mambo mawili pamoja: nani alifungua mlango, na watu walipoingia ndani walikuta nini kwenye sufuria?

Anza na Lyndon Johnson. Mpaka wakati wake, katika majimbo ya kusini ya Marekani mtu mweusi alifukuzwa hoteli, alikatazwa kukaa na mzungu mezani, na akienda kujiandikisha kwa uchaguzi alitafutiwa kila kisingizio. Tarehe 2 Julai 1964 Johnson alitia sahihi sheria iliyokataza ubaguzi hotelini, katika maduka ya chakula na kazini. Tarehe 6 Agosti 1965 ikafuata sheria ya kulinda kura. Hakusahau sufuria pia: alianzisha matunzo ya hospitali kwa wazee na maskini. Mwaka 1964 maskini walikuwa karibu 19 katika kila Wamarekani 100. Mwaka 1969 walibaki 12 hivi. Mimi naona hakuna prezida mwingine wa karne ile ya 20 aliyefanya hivi yote mawili kwa pamoja. Tena Johnson mwenyewe alikuwa mtu wa kusini, wa Texas!

Lakini vita vya Vietnam vilimeza feza na vijana. Na waulize wazee wetu habari za 1964, mwaka wa Simba. Ule ule mwaka wa sheria nzuri, mwezi wa Novemba, ndege za Marekani zilibeba askari wa Ubelgiji mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Kindu ilikuwa imekwisha kuona mamluki wakiingia majuma machache mbele. Waliokuwa watoto wakati ule wanakumbuka pori, si haki za raia.

Ronald Reagan, aliyeingia 1981, alikuwa na fikira nyingine: Leta ipunguze kodi, matajiri waweke feza kwenye kazi, na kazi itafikia kila mtu. Kodi ya juu kabisa ilitoka 70 kwa mia mpaka 28. Bei, zilizopanda kwa zaidi ya 13 kwa mia mwaka 1980, zilipanda kwa 4 hivi tu mwaka 1988. Hilo ni jambo kubwa. Sisi tuliohesabu noti za Mobutu kwa mafungu tunalielewa. Lakini mwanzoni mwa 1983, katika kila Wamarekani weusi 5 waliotafuta kazi, 1 hakuipata. Mwaka ule ule alitia sahihi sikukuu ya taifa ya Martin Luther King, ingawa kwanza alisitasita. Mwaka 1986 alikataa sheria ya kuadhibu Afrika ya Kusini kwa ubaguzi, na bunge lake likampita. Na Mobutu alipofika Washington alipokelewa kama rafiki.

Sasa Obama. Alikuta Marekani imeanguka kiuchumi. Mwezi wa Oktoba 2009 watu 10 kwa mia walikosa kazi, alipotoka 2017 walikuwa chini ya 5. Mwaka 2010 alitia sahihi sheria ya matunzo ya afya. Sawa. Lakini tarehe 21 Julai mwaka ule ule alitia sahihi sheria ndefu ya mabenki, na ndani yake wabunge walikuwa wameingiza kifungu cha 1502: makampuni yaseme kama kasiterite, koltani, wolframi na dhahabu yao inatoka Kongo ao kwa jirani zake, na kama inalisha watu wa silaha. Nia ilikuwa nzuri. Mama wa Kivu walikuwa wameteseka kupita kiasi.

Mwezi wa Septemba Prezida wetu wa wakati ule, Joseph Kabila, akafunga uchimbaji wa mkono katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Alipofungua, wanunuzi wengi walikuwa wamekimbia: mawe yasiyo na alama hawakuyataka tena. Mchimbaji wa Kailo ao Kalima, asiyemjua mwasi hata mmoja, alibaki na mfuko wake wa kasiterite, na watoto wakafukuzwa masomo kwa kukosa feza.

Angalia tofauti, wewe kijana. Mweusi wa Alabama, akiisha kupata kura, aliweza kumwondoa mbunge aliyemwumiza. Mchimbaji wa Maniema hana kura Washington. Anayo Kindu na Kinshasa. Basi mkisimama tena nje ya kanisa, mkimaliza na Obama, mwulizane pia mbunge wenu alisema nini mwaka ule wa 2010, machimbo yalipofungwa.