Kengele ya Frere Town na imani yetu

Wengi wapitao Kengeleni, Mombasa, kila siku hawajui jina hilo limetoka wapi. Mwaka wa 1875 wamishonari wa CMS walianzisha hapo Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa. Kengele iliwekwa ili kuwaonya wenyeji majahazi ya wauza watumwa yakionekana.

Watu hao walikuwa wamenyang'anywa kwao na jamaa zao. Hata hivyo walilima, wakasoma, wakasali, na hali hatari ilikuwa ingali baharini.

Basi mzazi aliyekosa karo leo asivunjike moyo. Kumtumaini Mungu si kukaa kitako kungojea muujiza. Ni kushika jembe asubuhi, na usiku kumwachia Yeye yaliyotushinda.