Mstari wa Juu Ni wa Lini?

Jedwali la bei za mahindi likifika mezani, swali la kwanza liwe hili: mstari wa juu ni wa lini? Programu za uchambuzi kwa kawaida haziulizi. Zikitakiwa kukokotoa badiliko la mwezi hadi mwezi, hulinganisha kila mstari na ulio juu yake, basi; tarehe iliyo pembeni hazijishughulishi nayo. Ndivyo zinavyofanya amri za shift na pct_change katika pandas, maktaba ya Python ya kuchambua data, na ndivyo inavyofanya fomula ya kawaida ya Excel. Tuseme gunia liliuzwa shilingi 80,000 Januari na 100,000 Februari. Faili ikianza na Januari, jibu ni ongezeko la asilimia 25. Ikianza na Februari, programu hiyohiyo itasema bei imeshuka kwa asilimia 20. Anayedhani kosa hili hugeuza tu jumlisha ikawa toa, atazame tena tarakimu hizo: kigawanyo kimebadilika, hivyo hata ukubwa wa badiliko si ule.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kosa hili halipigi kelele. Ugeuze mfululizo mzima juu chini, na wastani wake hautikisiki, mkengeuko sanifu ni uleule, bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ni zilezile. Hata mchoro hausaidii, kwani programu inayochora kwa kufuata tarehe itaweka kila nukta mahali pake, na macho yataridhika huku hesabu iliyo chini yake imepinda. Wakati huohuo wastani unaosogea wa miezi 3, uliokusudiwa kutazama miezi iliyopita, unachota kutoka miezi ijayo. Utabiri uliojengwa juu yake utafaulu ajabu kwenye majaribio, maana majibu umekwisha kuyaona; utakwama siku utakapotakiwa kutabiri kweli.

Watakaojibu kwamba dawa ni kubofya kitufe cha kupanga wana hoja, mradi tarehe zimesomwa sawasawa. Zikisomwa kama maandishi, 01/12/2024 itatangulia 02/01/2024, kwa kuwa maandishi hulinganishwa kuanzia kushoto. Zikisomwa kama tarehe, bado kuna desturi za nchi: 05/03/2024 kwetu ni tarehe 5 Machi, Marekani ni tarehe 3 Mei, na pandas hufuata Marekani isipoelekezwa vingine. Kabla ya toleo la 2.0 la mwaka 2023 iliweza kusoma kila tarehe kivyake, hivyo 12/03/2024 ikawa tarehe 3 Desemba, na ya kesho yake, 13/03/2024, ikawa tarehe 13 Machi kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Safuwima moja, desturi mbili. Kiwango cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. 2024-03-05 hupangika vema hata ikisomwa kama maandishi.

Kuna pia hoja kwamba wasomaji hutaka habari mpya juu, kama taarifa nyingi za benki zinavyofanya. Wapewe, lakini wakati wa kuchapisha. Hesabu ifanyike kuanzia ya zamani. Miamala miwili ikiwa na tarehe moja, namba ya muamala isitupwe, kwani tarehe peke yake haiwezi kusema upi ulitangulia. Ukaguzi nao ufanyike kabla ya kupanga, si baada yake. Daftari lililoandikwa siku kwa siku hupanda au hushuka bila kuruka, na sifa ya is_monotonic_increasing ya pandas, pamoja na mwenzake wa kushuka, hujibu hilo kwa kweli au si kweli. Zote mbili zikikana, huenda tarehe zimesomwa vibaya, na ruko lile kutoka Desemba kurudi Machi ndilo linaloonyesha kosa lilipo. Ukishabofya kitufe cha kupanga, ruko hilo halipo tena.