Kisiwa Kidogo, Msitu Mkubwa: Kwa Nini Mtu Hupotea Karibu na Mji

Kisiwa cha Penang kiko kaskazini-magharibi mwa Rasi ya Malaya, nchini Malaysia. Eneo lake ni kilomita za mraba 295 hivi, yaani chini ya thuluthi moja ya kisiwa cha Pemba. Daraja la kwanza la kukiunganisha na bara lilifunguliwa mwaka 1985, na hoteli za watalii zimejipanga katika ufuko wa Batu Ferringhi. Hata hivyo, katikati ya kisiwa imebaki milima yenye msitu, ambayo kilele chake kina urefu wa mita 833. Humo mna njia nyingi za miguu. Baadhi hutunzwa, nyingine zimeachwa.

Mgeni aingiaye peke yake katika njia iliyoachwa aghalabu hujipa moyo kwa hoja hii: kisiwa ni kidogo, basi akienda moja kwa moja upande wowote ule, hatimaye ataiona bahari. Kwa kanuni za jiometria hoja hiyo ni sahihi. Kasoro yake imo katika maneno “moja kwa moja”.

Njia hufaje?

Hapo zamani watu walipanda mlima wa Penang kwa miguu, kwa farasi, au kwa kubebwa na wapagazi. Reli ya mlimani ilipofunguliwa mwaka 1923, haja ya kutembea ilipungua. Vivyo hivyo, njia ya shamba hukosa kazi shamba linapoachwa.

Njia huishi kwa nyayo. Nyayo hushindilia udongo na kuvunja miche ichipuayo. Zikikoma, msitu hurudi, tena huanzia pale pale njiani. Sababu yake ni nuru. Chini ya miti mirefu ya msitu wa mvua hufika takriban sehemu 2 tu kwa 100 za mwanga wa jua, hivyo mimea michanga hukua polepole mno. Lakini juu ya njia pana mara nyingi pana uwazi, na mimea ipendayo jua huuwahi. Kwenye miteremko iliyo wazi husongamana kangaga, mimea isiyotoa maua, hata mtu asione akanyagapo. Henzirani, ambayo ni jamii ya mitende itambaayo, hutanda na miiba yake iliyopinda kama ndoana.

Mvua nayo hudanganya. Maji yatelemkayo huchimba mifereji inayofanana na njia, na mti ukianguka, wapitao huuzunguka na kuacha vijia visivyofika popote. Kwa hiyo mtembezi haoni mahali njia inapokwisha. Huona njia nyingi, na kila moja yaelekea kuwa ndiyo.

Mwili hauna dira

Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Watu 6 waliambiwa watembee moja kwa moja kwa saa kadhaa katika msitu mkubwa wa tambarare. Wawili walitembea jua likionekana, nao karibu hawakupinda. Wanne walitembea siku za mawingu. Wote walizunguka, na baadhi yao walivuka mapito yao wenyewe bila kujua. Wengine waliofungwa macho walifanya duara ambazo mara nyingine kipenyo chake kilikuwa mita 20 tu.

Wengi hudhani kwamba sababu ni mguu mmoja kuwa na nguvu au urefu kuliko mwingine. Ingekuwa hivyo, kila mtu angepinda upande ule ule daima. Wengi hawakufanya hivyo. Watafiti walieleza kuwa makosa madogo ya hisi hujumlika hatua kwa hatua, mpaka “mbele” ya mtembezi inakuwa si mbele tena.

Huko Penang, kwenye nyuzi 5 kaskazini ya Ikweta, majani hulificha jua, na adhuhuri jua hukaribia utosi lisionyeshe upande wowote. Jioni hushuka karibu wima. Machweo yakipita, mwanga wa kuonea njia hudumu dakika 22 hivi, kama ilivyo Unguja. Na huyo aliye peke yake hana wa kumwambia kwamba amepinda, wala wa kupeleka habari akiteguka mguu.

Jaribio la shuleni

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili katika uwanja mpana ulio tambarare. Mwanafunzi aitazame bendera iliyo umbali wa mita 50, kisha afungwe macho na kuiendea. Mwenzake amfuate kimya ili kumlinda, akinyunyiza majivu kwenye nyayo zake. Jaribio lirudiwe mara 10, na kila mara upimwe umbali kati ya bendera na mahali alipofikia, na upande aliopindia. Kisha darasa lijadili: je, mwanafunzi yule yule hupinda upande mmoja daima? Na ikiwa mita 50 za uwanjani zaleta tofauti hiyo, kilomita 2 za msituni zitaleta ipi?

Majibu yake yataeleza kwa nini mwenye kuingia msituni hutakiwa kuchukua dira, kwenda na mwenzake, kuaga, na kurudi nyuma mara tu njia inapotia shaka, angali anaijua ile aliyojia.