Nyuki Arudipo Mzingani

Mithali hututuma kwa chungu. Leo twende kwa nyuki. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wametundika mizinga kila baada ya mita 10 kuzunguka mashamba, ili ndovu wa Tsavo wasile mahindi. Ndovu mara nyingi hurudi nyuma. Na mlinzi huyo ana ubongo mdogo kuliko punje ya mtama!

Ubongo huo, wenye chembe za neva zipatazo milioni moja, humpeleka nyuki kwenye maua ya mbali na kumrudisha. Arukapo, macho yake huona majani na mawe yakipita nyuma. Yakipita upesi mno, hujua yu karibu nayo, hupunguza mwendo. Kwa kupita huko hupima pia urefu wa safari. Jua humwonyesha upande, na likifichwa na wingu, kipande cha anga jeupe chamtosha. Vipapasio vyake huhisi upepo.

Mlango wa mzinga ameukariri kwa alama zilizo jirani. Ndiyo maana tukiusogeza mita chache tu, nyuki waliokuwa nje hurudi pale pa zamani, wakazunguka hewani wakiutafuta.