Roboti Mgongoni mwa Ngamia: Kifaa cha Michezo Kilichomshusha Mtoto

"Mpimeni uzito kwa mikono yenu, wanangu," mwenye zizi alituambia. "Huyu ndiye mpandaji wangu. Hali, halali, wala hadai mshahara."

Tulikuwa Samad Ash Shan, katika wilaya ya Al Mudhaibi, asubuhi ya Ijumaa kabla jua halijakaza. Mwenyeji wetu, tuliyekuwa tukimwita ami kama ilivyo ada, alizungumza nasi Kiswahili cha Unguja, naye akatukabidhi kitu kilichovishwa kitambaa chekundu na kofia ndogo. Tulikipokezana mmoja mmoja. Hakikuzidi uzito wa mtoto mchanga. Tulipokivua nguo tukaona fremu ya bati jepesi, betri, spika ndogo, na mota ambayo yeyote aliyewahi kuingia karakana ya seremala angeitambua: ni ya drili ya mkononi. Mahali pa kufunga msumari wa kutobolea pamefungwa kijiti kirefu chembamba. Ukibonyeza rimoti, mota inazunguka na kijiti kinakuwa mjeledi.

Tulipokuwa tukipanga toleo hili, tulikubaliana kuandika juu ya ubunifu katika vifaa vya michezo. Wengi wetu tulifikiria viatu na mipira. Lakini kwa mkoa wa Sharqiyah, wenye soko la ngamia la Sinaw na zizi karibu kila kijiji, kifaa cha michezo chenye kisa kizito zaidi ni hiki tulichokishika asubuhi ile. Waarabu wa Ghuba hukiita rakib ali, yaani mpandaji wa mashine. Kisa chake kinatufundisha jambo kuhusu ubunifu ambalo viatu peke yake visingetufundisha.

Tuanze na mgongo wa ngamia wenyewe. Ngamia ana nundu, na swali la kwanza la kila mtu aliyetaka kumpanda lilikuwa: nikae wapi? Watu wa kusini mwa Bara Arabu, Oman ikiwamo, walijibu kwa kuweka tandiko nyuma ya nundu. Watu wa kaskazini, karne chache kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, walibuni tandiko lenye matao mawili ya mti, moja mbele ya nundu na jingine nyuma yake, likimweka mpandaji juu kabisa na kuugawa uzito wake kwenye mbavu za mnyama. Mwanahistoria Richard Bulliet, katika kitabu chake The Camel and the Wheel cha mwaka 1975, anaeleza kwamba tandiko hilo la kaskazini liliwapa wafugaji wa jangwani nguvu mpya katika vita na biashara, kwa kuwa mpandaji aliweza kupigana akiwa juu. Kumbe vipande vya mti na kamba, vikipangwa vizuri, vinaweza kubadili nani anamtawala nani.

Kwa mbio, hata hivyo, mpangilio wa kusini una faida yake. Mzigo ukikaa nyuma ya nundu, karibu na kiuno, mabega ya ngamia yanabaki huru. Ngamia wa mbio huweza kushika mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwa muda mrefu, na akichochewa kwa masafa mafupi hufikia hata 65. Mashindano huenda kilomita 4 hadi 10 kulingana na umri wa mnyama. Kwa masafa kama hayo kila kilo iliyo mgongoni inahesabiwa. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mchezo ulipokuwa wa harusi na sikukuu za vijijini, aliyepanda alikuwa kijana wa nyumba ile ile. Baadaye katika nchi kadhaa za Ghuba ukaingia fedha nyingi, viwanja vikubwa na zawadi za magari. Mwenye ngamia akataka mpandaji mwepesi, na mpandaji mwepesi kuliko wote ni mtoto. Kuanzia miaka ya 1970 watoto wadogo walichukuliwa kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania. Wengine waliuzwa na madalali, wengine walitolewa na wazazi maskini walioahidiwa maisha mema. Baadhi yao hawakutimia hata miaka 5. Walifungwa kwenye tandiko wasianguke, na walipoanguka walikanyagwa. Walinyimwa chakula ili wasiongezeke uzito. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi wa watoto hawa walikuwa ng'ambo ya bahari.

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu watazame kwa makini, kwa kuwa jambo hili lina mantiki yake. Si kwamba hapakuwa na makatazo. Imarati ilipiga marufuku matumizi ya watoto katika mbio hizo mwaka 1993. Mwaka 2002 ikatangaza tena kuwa asipande aliye chini ya miaka 15 wala mwenye uzito chini ya kilo 45. Hata hivyo watoto waliendelea kuonekana migongoni. Kwa nini? Kwa sababu aliyetii alishindwa. Ukimpandisha mtu wa kilo 45 na jirani yako akampandisha mtoto wa kilo 20, ngamia wako amebeba mzigo zaidi ya mara mbili. Sheria ilimtaka mtu mwema aadhibiwe kwa wema wake kila Ijumaa mbele ya watu. Sheria ya namna hiyo huvunjwa usiku na mchana.

Ndipo wahandisi walipoitwa. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Qatar iliipa kazi kampuni ya K-Team ya Uswisi, ambayo ilizoea kutengeneza roboti ndogo za maabara za vyuo vikuu. Kazi haikuwa nyepesi. Roboti ya maabara hutembea juu ya meza safi. Hii ilitakiwa kuvumilia vumbi, joto kali na mtikisiko wa mnyama anayekimbia kwa miguu mirefu. Ilibidi iweze kuvuta hatamu, kupiga mjeledi, kupokea amri kutoka kwenye gari linalokwenda kando ya uwanja, na kujua ilipo kwa njia ya setilaiti.

Tatizo ambalo wahandisi hawakulitarajia lilitoka kwa ngamia mwenyewe. Alipoona sanduku la chuma likipanda mgongoni mwake alitishika. Amezoea mtu. Basi roboti ikavishwa kofia, miwani ya jua na sura ya mtu, ili mnyama atulie. Tulipomsimulia ami habari hii alicheka sana, kisha akasema, "Ngamia si mjinga. Ana haki ya kujua nani kampanda."

Roboti hizo za kwanza zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 15, na bei yake haikuwa ya mfugaji wa kawaida. Hata hivyo zilionyesha kwamba jambo linawezekana. Mwaka 2005 Qatar na Imarati zote zikapitisha sheria kali. Imarati ikaweka umri wa miaka 18 kuwa wa chini kabisa. Mwaka huo huo Imarati ilikubaliana na UNICEF kuwarudisha watoto makwao, na zaidi ya watoto 1,000 wakarejeshwa katika nchi zile nne tulizozitaja.

Kisha likatokea jambo ambalo kwetu ndilo kiini cha makala haya. Roboti ya Uswisi ilisomwa na mafundi wa sokoni, wakaipunguza. Waliuliza: je, mbio zinahitaji nini hasa? Kompyuta ya nini, kama mwenye ngamia yumo garini kando ya uwanja na anaona kila kitu kwa macho yake? Wakaondoa kompyuta. Wakachukua mota ya drili inayotumia betri, rimoti ndogo kama ya mlango wa gari, na redio ya upepo ili ngamia aisikie sauti ya bwana wake anayoijua tangu utotoni. Uzito ukashuka hadi kilo 2 au 3. Bei nayo ikashuka. Ikiharibika, fundi yeyote wa karibu anaweza kuifungua na kuitengeneza.

Hebu tuzirudie hesabu zile za kilo. Mashine ya kilo 3 ni nyepesi kuliko mtoto yeyote anayeweza kukaa kwenye tandiko. Sasa mwenye kumpandisha mtoto ndiye anayeshindwa. Utiifu, uliokuwa hasara, umekuwa ushindi. Kwa maoni yetu, sheria iliyopigiwa kelele tangu 1993 ilipata miguu pale kifaa kilipomwondolea mwenye ngamia sababu ya kuivunja. Hatusemi kuwa kifaa kingetosha peke yake. Bila sheria ya 2005, bila wanaharakati waliopiga picha na kupaza sauti, nani angelipia utafiti ule? Lakini viwili hivyo vilipokutana, mtoto alishuka.

Wenzetu wanaofuatilia riadha watakuwa wameshatambua ufanano. Katika mbio za marathoni pia gramu zimekuwa vita. Mwaka 2019 Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia kilomita 42.195 jijini Vienna kwa saa 1:59:40, akiwa na viatu vya soli nene yenye kaboni ndani yake. Siku iliyofuata Brigid Kosgei akavunja rekodi ya dunia ya wanawake Chicago kwa saa 2:14:04. Mjadala ukawaka: nani aliyekimbia, mtu au kiatu? Mwanzoni mwa 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia likaweka mpaka: soli ya viatu vya barabarani isizidi milimita 40. Wabunifu wakageukia wepesi, na mwaka 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia akaweka rekodi ya saa 2:11:53 Berlin akiwa na kiatu cha gramu 138. Kote kuwili, uwanjani na jangwani, kifaa na kanuni vinafukuzana. Tofauti ni hii: kiatu kinampunguzia mkimbiaji sekunde, ilhali roboti ilimwondoa mtoto kabisa.

Hatutaki kuimba sifa tupu. Kifaa hakina dhamiri. Mkono wa mtu huchoka kupiga. Mota ya drili haichoki mpaka betri iishe. Imarati iliwahi kugunduliwa roboti zilizofichwa vifaa vya kumpiga ngamia shoti ya umeme, na polisi wakaingilia kati. Tulimuuliza ami kuhusu hili. Alinyamaza kidogo, akampapasa ngamia wake shingoni. "Mimi hiki kijiti nakizungusha mwishoni tu, na mara nyingi mlio wake unatosha," alisema. "Anayempiga ngamia njia nzima hajamlea." Tumelinukuu jibu hilo kwa sababu linaonyesha kwamba mtoto ameshuka, lakini swali la huruma bado limekaa mgongoni.

Kuna pia swali la urithi. Mwaka 2020 UNESCO iliziandika mbio za ngamia za Imarati na Oman katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Je, urithi unaweza kuvaa betri? Wapo wanaonung'unika kuwa mchezo umepoteza mtu wake. Sisi tunaona kuwa mtu hajapotea: yumo kwenye kulea, kulisha, kuzoeza, na kwenye sauti ile inayotoka kwenye spika. Anayetaka kuona mtu na ngamia pamoja bado anayo ardha ya Oman, ambamo wapandaji huenda sambamba wawili wawili kwa mwendo wa kasi huku wameshikana mikono. Na kwa wale wa upande wa pili wa bahari, Maralal nchini Kenya kumekuwa na mashindano ya ngamia tangu 1990, na wanaopanda ni watu wazima waliojitolea, wengine wakianguka mbele ya watazamaji na kucheka wenyewe. Kwa hiyo mbio zinawezekana kwa roboti na zinawezekana kwa mtu mzima. Kwa mtoto aliyenunuliwa haziwezekani tena, wala zisiwezekane.

Jambo la mwisho ni letu sisi watu wa lugha. Tulipokuwa tukiandika, tulikwama kwenye jina. "Roboti mpanda ngamia" ni refu. "Jokii" halijakaa vizuri ulimini. Kamusi za zamani zinacho kitenzi rakibu, kupanda mnyama, kilichotoka katika Kiarabu kama rakib ya Ghuba ilivyotoka. Kutokana nacho tunapata rakibisha, kuunga vitu vikawa kitu kimoja. Kwetu neno hilo lina bahati, kwa kuwa kifaa hiki ni kitu kilichorakibishwa ili kirakibu. Baadhi yetu wanapendekeza "rakibu-mashine", wengine "mpandishi". Tunawaomba walimu wetu na wanachama wote watuletee maoni katika kikao kijacho, pamoja na majina ya sehemu zake: tandiko, hatamu, mjeledi, spika, rimoti.

Tulipoaga, mjukuu wa ami, mwenye umri kama wa miaka 6, alitoka ndani akiwa bado na usingizi machoni. Babu yake alimpa ile roboti aishike. Mtoto aliikumbatia kwa mikono miwili, akatembea nayo polepole hadi kwa ngamia, akampa babu aifunge. Kisha akarudi kunywa chai yake.